Mitambo Aliyotuchagulia Mwalimu

Sijawahi kumwona akienda mahali bila futi kamba mfukoni. Hata Ijumaa, akiinama kuvua viatu mlangoni mwa msikiti, ungeiona imevimba kwenye mfuko wa kanzu. Watu wa Kaole, kijijini kwake, walimtania kwamba siku akifa ataamka awasahihishe wachimba kaburi. Yeye alicheka akajibu, "Mkichimba sawa sitaamka."

Nitamwita Mwalimu tu. Ndivyo nilivyomwita tangu kidato cha kwanza, na isitoshe, jina lake likitajwa kule Mkange watu hutema mate. Jina langu nalo hutemewa mate, na hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika. Lake alilichafua mwenyewe. Langu alilichafua yeye pia, mbele ya watu, huku mkono wake ukiwa begani kwangu.

Alinifundisha fizikia katika sekondari moja ya Bagamoyo mjini. Uvivu aliweza kuuvumilia, lakini maneno yasiyo na kipimo yalimchoma. Ukimwambia kisima kiko karibu, alikukatiza hapohapo: "Karibu ni salamu. Nipe hatua." Ukimwambia chai imezidi sukari, alitaka kujua ni vijiko vingapi na vilijazwaje. Nyumbani kwake kijiko cha sukari kilisawazishwa kwa ubapa wa kisu. Mkewe, mama mcheshi kuliko wote niliowahi kukaa nao mkeka mmoja, alikuwa akisema, "Wenzangu wameolewa na wanaume, mimi nimeolewa na mizani."

Na mtu huyohuyo hakuwa na saa. Alichelewa harusi, alichelewa vikao, aliwahi kuchelewa hata mtihani alioutunga mwenyewe. Ukimwonyesha jua lilipofika, alilitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba limepanda kwa siri. Koleo lake hakumwazima mtu yeyote, lakini vitabu vyake aligawa kama karanga. Alikuwa mkali kwa wanafunzi wenye akili na mpole kwa wale waliochelewa kuelewa. Sisi wenye akili tulilalamika, tukijifanya hatupendi.

Kuna siku moja lazima niieleze, kwa sababu anayetaka kujua kwa nini baadaye nilinyamaza inabidi aanzie hapo. Nilipomaliza kidato cha pili, baba aliamua yatosha. Shamba la mananasi la Kiwangwa lilihitaji mikono, na mimi nilikuwa na miwili. Mwalimu alipanda gari kutoka mjini, akafika kwetu bila taarifa. Nilidhani amekuja kumhubiria baba habari za elimu. Hakusema hata neno moja la elimu. Aliomba kuonyeshwa shamba, akatoa futi kamba, akapima nafasi kati ya mche na mche na kati ya mstari na mstari, akachuchumaa kwenye udongo kwa kanzu nyeupe mpaka ikawa ya kahawia magotini.

"Mzee mwenzangu," akamwambia baba, "umeyabana. Yananyang'anyana chakula. Msimu ujao acha hatua moja zaidi kati ya mistari."

Baba alimsikiliza kwa sababu hakuna aliyewahi kumsifu wala kumkosoa juu ya mananasi kwa kupiga magoti. Msimu uliofuata matunda yalinenepa. Mwalimu aliporudi, baba alimuuliza anataka zawadi gani. Akasema, "Huyo binti amalizie shule." Nikamalizia. Leo nina duka la steshenari pale Kiwangwa, nachapa, natoa nakala, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Kila kitabu kwenye rafu zangu kina asili yake katika magoti yale ya kanzu, na nilijua hivyo kila nilipomsalimia. Nilimpenda. Si aibu kuandika neno hilo, ingawa sasa linaniuma.

Alikuwa ameshastaafu wakati waya wa mtandao ulipopitishwa kando ya barabara kuu na kufika Kiwangwa. Viongozi wa kijiji chetu na wa Mkange, kule ng'ambo ya Mto Wami, walikaa pamoja wakakubaliana: mtandao utolewe kwenye waya, usambazwe Kiwangwa bila nyaya, kisha urushwe hewani mpaka Mkange, ambako hata simu hushika sehemu mbili tatu tu, zote mbali na zahanati. Kila kaya ya Kiwangwa ilitenga mstari mmoja wa mananasi, ukaitwa mstari wa mtandao, na hata mwizi hakuugusa. Mkange walitoa ufuta, nguzo, na nguvu zao. Nesi wa zahanati yao, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, alitoa kipande cha shamba lake mwenyewe, kando ya zahanati, pa kusimika mlingoti. Yeye ndiye aliyekuwa na shida kubwa kuliko wote. Akitaka ushauri wa daktari juu ya mjamzito, alipanda bodaboda kutafuta mahali pa kupigia simu, huku mgonjwa amelala akimngoja.

Nani achague mitambo? Hakuna aliyebishana. Mwalimu. Na nani amsaidie? Aliniteua mimi.

Ile miezi ya kuchagua ilikuwa mizuri, na siwezi kuidhulumu kwa sababu ya yaliyofuata. Alikuwa na maswali matatu na aliyauliza kwa kila mtambo kama askari anayehoji msafiri. "Unakula nini?" Hapo alitaka kujua umeme, kwani Mkange ingetegemea paneli za jua na betri. "Unaongea na nani?" Kuna redio za mtandao zinazoelewana na za watengenezaji wengine, na kuna zinazokubali ndugu zao tu, hizo za pili aliziita mabibi harusi. "Ukifa, nani atakuzika?" Maana yake, je, kuna fundi wa Bagamoyo anayeweza kuufungua, au itabidi upelekwe ng'ambo na usirudi? Wauzaji walimwogopa. Mmoja alimwonyesha kisanduku kinachong'aa na kumsomea sifa zake zote. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali la kwanza, na muuzaji akaanza kutafuta kwenye makaratasi.

Boliti ndizo zilizonifanya niamini hakuna mtu makini kama yeye duniani. Alijua chumvi ya pwani inavyokula chuma, na hakuamini maneno ya dukani kwamba hii haishiki kutu. Alinunua boliti na vishikio vya aina nyingi, akavifunga kwenye kamba, kila kimoja na kibandiko chake, akavitundika kwenye miti ya uzio wake Kaole upande unaopigwa na upepo wa bahari. Vilikaa msimu mzima wa masika. Majirani walidhani ni dawa, na mama mmoja akamzuia mwanawe asipite pale. Masika ilipokwisha Mwalimu alivishusha, akavikwangua kimoja kimoja kwa kucha, na vilivyobaki vyeupe ndivyo tulivyoagiza. Mpaka leo vile vilivyofungwa Kiwangwa havina hata doa.

Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, na sote tuliujua, tukauona mdogo. Alipenda kusifiwa na waliokuwa wanafunzi wake. Sifa za wengine zilimpita. Za mwanafunzi aliyefanikiwa zilimlegeza kabisa, macho yakamwiva, akasahau hata chai iliyokuwa mkononi. Mmoja wao alikuwa na duka kubwa la mitambo Dar es Salaam. Alianza kumpigia simu. Alimwita "baba yangu wa elimu". Alimweleza juu ya jozi moja ya madishi makubwa, yenye redio zake za ndani, inayoweza kurusha mtandao kutoka Kiwangwa moja kwa moja mpaka Mkange, bila kituo cha katikati. Dishi moja huku, moja kule, basi.

Mimi sikuipenda jozi ile. Nilimwambia, kwa heshima, kwamba ilikuwa bibi harusi mtupu: inaongea na mwenzake tu. Ilikula umeme kuliko redio ndogo tulizokuwa tumezichagua. Na kati ya vijiji vyetu kuna mgongo wa kilima, na redio kama hizi zinataka njia ya wazi kabisa, dishi lione dishi. Shauri langu lilikuwa tuweke kituo juu ya kile kilima, na redio ndogo nne badala ya madishi mawili. Ingechukua muda zaidi, kwa kuwa tungehitaji mlingoti wa tatu na ruhusa ya kijiji cha huko.

"Basi tutapima," akasema. "Tusibishane kwa midomo."

Hivi ndivyo alivyopima njia ya hewa. Mtu mmoja alisimama juu kwenye kijiji kimoja na kioo, akakigeuza kwenye jua ili kimulike upande wa pili, na mwingine upande huo akatazama kwa darubini. Ukiona kioo kikimeta, njia iko wazi. Usipoona, kuna kitu kati. Tuliwahi kupima hivyo ndani ya Kiwangwa, shule na soko, soko na msikiti, na hakuna hata mara moja kioo kilipotudanganya. Kwa Mkange, yeye angekwenda na kioo apande kwenye mnara wa tangi la zahanati, mimi nipande kwenye tangi la shule yetu. Kwa vile simu za kule si za kutegemea, tulipatana muda: kuanzia saa nne mpaka adhuhuri atakuwa anamulika.

Nilipanda saa tatu na nusu. Mama alinifungia khanga kichwani na kunipa chupa ya maji. Nilitazama kaskazini mpaka macho yakatoka machozi. Niliona mikorosho, moshi wa shamba fulani, na ule mgongo wa kilima ukiwa umekaa palepale kama ng'ombe aliyelala njiani. Adhana ya adhuhuri ikasikika. Nilikaa nusu saa zaidi, kwa kuwa nilimjua na kuchelewa kwake. Kisha nikaandika kwenye daftari: Mkange, sikuona kitu.

Siku ya pili nilimpa daftari mkononi. Akalisoma, akalifunga. "Tutarudia," akasema. Hatukurudia.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya Kiwangwa, na Mkange walikuja wamejaa malori mawili. Mwalimu alisimama akaeleza habari za jozi ya madishi. Alieleza vizuri mno, jinsi anavyojua yeye, mpaka bibi asiyejua redio ni nini alitikisa kichwa akikubali. Kisha mzee mmoja wa Mkange akauliza swali la haki.

"Mwalimu, samahani. Na kile kilima?"

"Tulipima," Mwalimu akasema. "Kwa kioo. Njia iko wazi." Halafu akanijia pale nilipokaa na akina mama, akaniweka mkono begani. "Binti huyu alikuwa juu ya tangi kwa macho yake. Huyu ni shahidi. Mwulizeni."

Mwenyekiti akanigeukia. "Ndivyo, binti?"

Watu wote walinitazama, na baba yangu alikuwa kati yao. Nilimtazama Mwalimu. Aliniinamishia kichwa kidogo, vile alivyofanya darasani mwanafunzi akikaribia jibu. Nikajiambia labda alikwenda tena bila mimi. Nikajiambia labda kuna siku nyingine, mtu mwingine, kioo kingine. Msichana anasimamaje mbele ya vijiji viwili amwambie mwalimu wake, mzee wa kanzu aliyempigia magoti baba yake shambani, kwamba anasema uongo? Kwetu hakuna namna ya kufanya jambo hilo. Ulimi haujafunzwa.

Nikasema, "Mwalimu ameshasema."

Wakapiga makofi. Walisikia ndiyo, na mimi nilijua watasikia ndiyo.

Mitambo ilikuja. Kiwangwa kila kitu kilifanya kazi, kwa sababu sehemu hiyo tuliipima kweli. Mkange walisimika mlingoti kwa kamba na nyimbo, wakachinja mbuzi, shehe akasoma dua, nesi akavaa dera jipya. Mafundi wa duka walipandisha dishi, wakaligeuza kushoto, wakaligeuza kulia, wakalishusha chini na kulipandisha juu. Taa ya kijani haikuwaka. Walishinda siku tatu pale, na jioni ya siku ya tatu fundi mmoja akaonyesha kilima kwa kidole. Duka halikukubali kurudishiwa vilivyokwisha fungwa. Kuweka redio za bei nafuu kilimani tusingeweza, kwani madishi yale hayakuongea na redio za nje. Na Mwalimu hakuwepo. Alituma ujumbe kwamba ana homa.

Jioni ya ile siku ya mbuzi nesi alinifuata pale Mkange akiwa bado na dera lake. "Wewe ndiye uliyeona kioo?" akaniuliza. Nikainama kukunja kamba za mlingoti. Akarudi kwa wagonjwa wake. Tangu hapo watu wa Mkange wakija Kiwangwa wananiita Shahidi. "Shahidi hajambo?" Wanasema kwa adabu kabisa. Wananikuta dukani, mtandao unapaa, ninawajazia fomu, wanalipa, wanaondoka. Dishi lao lilishushwa na mlingoti ukang'olewa, visije vikamwangukia mtu. Niliambiwa dishi wanaanikia mihogo.

Mwalimu hakuja tena Kiwangwa. Nami sikwenda Kaole. Nilikaa karibu miaka miwili na hasira ambayo sikujua pa kuiweka, maana kila nilipoitoa niliikuta ina uso wake wa zamani. Kisha mwaka huu, baada ya Idi, alinitumia salamu kupitia mtu kwamba ananihitaji.

Nilikwenda. Juu ya paa lake palikuwa na antena nzuri, ya duka lilelile la Dar, imeelekea mjini. Nilisimama kuitazama kabla ya kupiga hodi. Mkewe alinikumbatia, akaleta chai na mihogo ya kuchemsha, akatuacha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Umenenepa. Kiasi gani?"

Nilitaka kucheka na nilichukia kwamba nilitaka. Akaanza kunieleza: kuna kijiji kimoja huko pwani kinataka mtandao, wamemfuata, mkutano wao ni Jumamosi, na angependa niwe pamoja naye kama zamani.

"Mwalimu," nikasema, "siku ile ya kioo. Ulifika Mkange?"

Alisawazisha sukari kwenye kijiko, akaimimina, akakoroga. "Sikufika. Yule kijana alinialika dukani kwake kuona mitambo. Aliwaita wafanyakazi wote wasimame, akawaambia, huyu ndiye aliyenitoa gizani." Aliinua macho, na naapa yalikuwa yameiva tena kwa kukumbuka tu. "Niliporudi nilikuwa nimeshamwahidi. Nikadhani dishi kubwa vile litapita tu."

"Na mimi ukanitaja kwa nini? Ungesema umepima mwenyewe."

"Wasingeniamini peke yangu. Kilima kile kila mtu anakiona." Akanywa funda. "Nimefundisha watu wengi, binti. Ningemteua mwingine, angesimama pale akanikana. Wewe nilijua hutanikana. Wewe una adabu."

Alisema kwa mapenzi. Hilo ndilo lililonivunja, kwamba alikuwa akinisifu. Nilikuwa nimeamini miaka yote hiyo kwamba aliniteua kwa macho yangu na kwa daftari langu. Nilingoja aniombe radhi. Aliniuliza kama Jumamosi nitakuwa na nafasi.

"Jumamosi nakwenda Mkange," nikasema. Sikuwa nimepanga kwenda, niliamua palepale. "Nitawaambia sikuona kitu."

Akaweka kikombe chini polepole. "Watakuuliza kwa nini hukusema siku ile."

"Najua."

"Utawaambia nini?"

Nikainuka, nikamuaga mkewe jikoni, nikaondoka.

Jumamosi nilipanda gari mpaka Mkange. Mwenyekiti wao aliwaita waliokuwepo, si wengi, wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wa zahanati. Nilisema yote: tangi, darubini, daftari, kilima, Dar. Nilisema uongo ulisemwa kwa jina langu nami nikiwepo. Nilitoa daftari likapita mkono kwa mkono. Nilidhani nikimaliza nitakuwa mwepesi.

Nesi aliusoma ule mstari wangu mmoja, akanirudishia daftari.

"Ulijua," akasema. "Ukakaa kimya kwa nini?"

"Nilimwonea haya mwalimu wangu, dada. Sikuweza kumwaibisha mbele ya watu."

Aligeuka akalitazama shimo la mlingoti, ambalo lilikuwa bado halijafukiwa katika shamba lake.

"Na sisi," akasema, "hukutuonea haya?"